Mnaoanza kushika pool hapa Kisumu, angalieni stiki zinalala wapi

Ukipewa kazi ya kuangalia pool unaonyeshwa mambo ya token, venye meza inapigwa brashi, nani ana deni na nani asikopeshwe tena, lakini stiki hakuna mtu anakuambia kitu, unazikuta zimeegemea ukuta na wewe pia unaziegemeza hapo hapo. Baadaye wateja wanaanza kelele ati tipu (ile ncha ya stiki inayogonga mpira) ni mbovu, mpira unateleza, mwenye biashara naye anasema ni vijana wanagonga kama wehu. Mimi naona hapa kwetu tipu nyingi haziharibiwi na wachezaji, zinaharibiwa usiku mkiwa mmefunga.

Tipu ni ngozi jamani. Ngozi inavuta unyevu wa hewa ikiupata, na hewa ikikauka inautoa. Kisumu tuko kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu tu, usiku na alfajiri hewa iko nzito, halafu saa nane mchana mabati yanawaka na ndani kunakauka kabisa. Kwa hivyo hiyo ngozi inavimba na kusinyaa kila siku hata kama hakuna mtu amecheza, na masika ya Machi mpaka Mei ndio mbaya zaidi. Ikiwa na unyevu inakuwa laini, ukipiga inatanuka kandokando na kukaa kama uyoga juu ya ile pete ya shaba ya mwisho wa stiki. Ikikauka baada ya kugongwa hivyo inabaki imeshindiliwa, ngumu, inang'aa, na tipu inayong'aa haishiki chaki hata uisugue mpaka kesho. Yaani shida si unyevu peke yake, shida ni kupanda na kushuka. Stiki ikikaa mahali pa unyevu ule ule kila siku inadumu kuliko ile inayopikwa mchana na kuloweshwa usiku.

Mbao nayo iko vivyo hivyo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hivi mbao inatulia na maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu, hewa ikifika 80 inapanda hadi 16 hivi. Na mbao hainywi maji sawasawa, ile ncha iliyokatwa ndio inanyonya haraka kuliko ubavuni, na tipu imebandikwa wapi? Hapo hapo kwa ncha. Ndio maana unaona tipu mpya imebanduka na kipande cha gundi kavu chini yake, watu wanalaumu gundi ati ni feki na pengine ni ncha ilivimba ikasinyaa mpaka gundi ikaachilia.

Sasa, ukuta. Asubuhi msimu wa mvua, kabla hujafungua madirisha, pitisha kiganja kwa simiti nyuma ya mahali mnawekea stiki, sanasana pale chini karibu na sakafu. Utakuta kumepoa na kunanata kidogo, na kama ukuta haujapigwa plasta vizuri rangi inatoka na unga mweupe. Hiyo ndio sehemu kitako cha stiki kinalala. Tengeneza rafu ya mbao, iachane na ukuta upana wa kiganja hivi, stiki zisiguse sakafu, zisimame wima kabisa au zilale zikiwa zimeshikwa sehemu kadhaa, kwa sababu zikiegemea kwa mshazari usiku kucha zinapinda. Usiiweke rafu nyuma ya friji, huko kunatoka joto masaa yote, wala karibu na jiko la nyama, wala dirisha la jua la jioni. Kama mna kastoo katikati ya nyumba, kuta zake zote ziko ndani, hapo ndio pazuri hata kama ni padogo. Kuna vipimo vidogo vya unyevu vya betri, ukipata kimoja usihangaike kutafuta ile asilimia 40 mpaka 60 wanayosema Wazungu, bila eyasii (mashine ya kupoza hewa) huipati masika. Wewe angalia tu namba isirukeruke.

Tipu za akiba zisikae wazi kwa boksi juu ya kaunta. Zile za bluu za Elk Master huja boksi ya 50 na ni laini tayari, zikikaa wazi mvua nzima zinakuwa kama chapati ya jana. Weka kwa kopo la kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vya silika vinapatikana kwa maboksi ya viatu. Hivyo vifuko vikishajaa maji jua peke yake halivikaushi vizuri, vinataka joto la digrii 110 hivi na karatasi yake inaweza kuungua, kwa hivyo tafuta vingine. Na tipu ikilowa usiikaushe kwa moto tafadhali, ngozi yenye maji ikipata joto inajikunja na kuwa ngumu na hairudi.

Kubandika tipu, bandika mchana hewa ikiwa kavu, si asubuhi. Supaglu inakauka kwa sababu ya unyevu wa hewa, kwa hivyo hapa kwetu inashika mbio sana, unaweza kuwa bado unaweka tipu katikati na tayari imekamata upande. Hewa ikizidi unyevu inaacha ule ukungu mweupe pembeni. Ukifungua tube ifunge vizuri uiweke friji, lakini ukiitoa ngoja ipate joto la chumba kwanza ndio uifungue, ukiifungua ingali baridi hewa inaingia, maji yanatonea ndani, na hiyo tube imeisha.

Tipu ikishang'aa chukua msasa, namba 220 hivi, uamshe uso wake kidogo tu. Iliyotanuka unakata kandokando kwa wembe mpya, stiki imeangalia chini, tipu imekanyaga ubao, halafu mate kidogo kwa kidole ubavuni na unasugua na kipande cha ngozi mpaka ubavu ukaze. Mate ni ubavuni! Nimeona watu wanalamba tipu juu kabisa kabla ya kupiga, sijui walifunzwa na nani.

Kuna Wamarekani huloweka Elk Master kwa maziwa, wanaikausha siku kadhaa, kisha wanaibana kwa jiliwa mpaka inakuwa ngumu. Kwao inafanya kazi. Hapa jaribu Januari kama lazima, ukijaribu Aprili utavuna ukungu na harufu.

Mwenye stiki yake binafsi: ukimaliza kucheza usiisukume kwa begi ikiwa na jasho la mikono, ipanguse na kitambaa kikavu, iache hewani kidogo ndio ufunge, kwa sababu begi likifungwa linafungia na unyevu. Buti ya gari hapana, hata kama ni kuingia sokoni Kibuye mara moja, ndani ya gari juani panapita digrii 50.

Na kama mnaenda kucheza Nakuru, kule ni mita 1,850 hivi na hewa kavu kuliko yetu, fikeni jana yake mkiweza, mfungue mabegi usiku huo. Msikate wala kupiga tipu msasa usiku wa kufika, ngozi bado inashuka, ukiikata sasa kesho utakuta imekaa ndani ya pete na utaanza kutafuta fundi mji si wako. Angalieni asubuhi, kama uso umeng'aa pitisheni msasa, kama haujang'aa wekeni chaki mcheze.