Mume wa miaka 52 asiyetaka kusikia habari za mazoezi

Dada, nimekuelewa: mumeo anashinda ameketi dukani, na ukimtajia mazoezi hujibu kwamba hayo ni mambo ya vijana. Usimtishe kwa maradhi, kwani mimi nilimtisha kaka yangu mwaka mzima bila mafanikio, ila siku nilipomwomba anisindikize sokoni kwa miguu, alivaa kandambili zake tukaondoka. Anzeni na dakika 10 baada ya chakula cha jioni, mkiongeza taratibu hadi mfikie dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Iwapo ana shinikizo la damu au kisukari, aonane na daktari kwanza. Akihisi maumivu ya kifua njiani, asimame na awahishwe hospitali.