Polishi hukwangua, waksi hulinda: kutunza rangi ya gari ukiwa nyumbani Nakuru

Ingia duka lolote la vipuri mjini Nakuru, omba kitu cha kung'arisha gari, na utaonyeshwa rafu nzima ya chupa na mikebe huku muuzaji akikuambia kwamba zote ni polishi. Ukweli ni kwamba humo mna vitu vya aina mbili vinavyofanya kazi tofauti kabisa: kimoja hukwangua rangi, kingine huifunika. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kulikwangua gari lake kila mwisho wa mwezi akidhani analitunza. Nimeyaona magari ya namna hiyo, kona za boneti zimelika hadi praima, ile rangi ya msingi ya chini, inachungulia, na mwenyewe anakuhakikishia kwamba halikosi polishi.

Gari la kisasa, yakiwemo haya tunayoyaagiza kutoka Japani yakiwa yametumika, lina tabaka kadhaa juu ya bati. Chini kuna praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, lile tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo hasa linalong'aa. Zote kwa pamoja kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake kama mikroni 40 au 50. Unywele wa binadamu ni takriban mikroni 70. Yaani mng'ao wote wa gari lako umekaa kwenye utando mwembamba kuliko unywele, na kila ukipiga polishi unaupunguza. Kompaundi, yaani polishi yenye chembe kali zaidi, ikitumiwa kwenye mashine inaweza kuondoa mikroni 2 au 3 kwa mkupuo mmoja. Klia iliyoondoka hairudi, na kemikali zinazoikinga rangi dhidi ya miale ya jua zimo humo humo ndani ya klia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: polishi mara chache iwezekanavyo, waksi mara kwa mara, na bidii yako kubwa iweke kwenye kuosha.

Huku kwetu kuosha vizuri kuna maana zaidi kuliko mahali pengi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa ikweta unapita Mogotio, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Jua la saa sita linashuka karibu wima, ndiyo maana paa na boneti huchakaa miaka mingi kabla ya milango. Halafu kuna vumbi. Udongo wa hapa umetokana kwa kiasi kikubwa na majivu ya volkano ya Menengai. Usugue kati ya vidole viwili utahisi jinsi unavyokwaruza. Kule Kariandusi karibu na Gilgil kunachimbwa diatomiti, unga mweupe ambao viwandani hutumika, pamoja na mambo mengine, kwenye polishi za metali kwa sababu hukwangua polepole. Sasa fikiria vumbi la namna hii limetanda juu ya boneti asubuhi, na wewe unachukua kitambaa kikavu kulipangusa ili usichelewe kazini. Hapo umeikwangua klia, tena bila mpango.

Wenzetu wa Kisumu wana shida yao ya wadudu wa ziwani, wanaojaa mbele ya gari ukiendesha jioni, na wa Muhoroni na Chemelil wanayajua masizi ya miwa inapochomwa shambani. Dawa ni moja kwa zote: lowesha kwanza, subiri, ndipo uguse. Wadudu waliokauka wafunikie kitambaa kilicholoa maji ya sabuni dakika kumi hivi, watatoka wenyewe. Kinyesi cha ndege hakisubiri Jumamosi. Klia inapopata joto huwa laini, kinyesi kikaikamata, na jioni inapopoa alama inabaki. Mimi huweka chupa ya maji na kitambaa laini kwenye buti kwa ajili hiyo tu.

Kuosha kwenyewe kufanyike asubuhi mapema au jua likishaelekea kutua. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Kama ina joto, acha kwanza. Mwagia maji mengi gari lote kabla ya kitambaa chochote kuligusa, ili vumbi lishuke lenyewe. Kama huna mpira wa maji, kopo la kumwagilia maua linatosha kabisa, na siku za mgao mitungi miwili ya lita 20 inamaliza gari dogo. Kisha andaa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu. Osha sehemu moja, suuza kitambaa kwenye maji matupu, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Utashangaa mchanga utakaokuta chini ya ile ndoo ya pili. Wote huo ungesuguliwa kwenye rangi. Anza na paa ushuke, bampa na sehemu za chini ya milango zije mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chake ambacho hakipandi juu hata siku moja, kwa sababu unga wa breki una chembe za chuma.

Hilo la rimu nalisisitiza kwa sababu mahali pengi pa kuoshea magari vijana hawana habari nalo. Wana haraka, foleni ni ndefu, na kitambaa ni kile kile. Niliwahi kusimama nikashuhudia kitambaa kikitoka kwenye gurudumu la nyuma na kupanda moja kwa moja juu ya mlango wa gari la mke wangu. Sina ugomvi na vijana hao, wanatafuta riziki. Nikienda siku hizi nabeba vitambaa vyangu, nawaeleza kwa upole kipi ni cha wapi, na wanakubali bila shida.

Sabuni ya unga achia nguo. Hiyo pamoja na sabuni ya vyombo huondoa waksi yote uliyoihangaikia. Sabuni ya vyombo ina siku yake moja, siku unayotaka kuondoa waksi ya zamani ili upige polishi. Na usiache gari likaukie juani. Maji mengi ya visima vya kuchimbwa huku Bonde la Ufa yana madini, na tone likikauka juu ya bati moto huacha doa jeupe ambalo baadaye halitoki kwa maji. Kama umekinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, hayo ndiyo ya kusuuzia mwisho.

Gari likishakauka, vaa mfuko laini wa nailoni mkononi kisha pitisha vidole polepole juu ya boneti. Ukihisi vipele, hizo ni chembe zilizonasa kwenye klia: lami, vumbi la breki, utomvu wa miti. Kuna udongo laini maalumu unaouzwa kwa kazi ya kuziondoa. Lainisha kipande kidogo, nyunyizia maji ya shampuu kwenye bati, telezesha bila kukandamiza, na ukunje kipande mara kwa mara ili uso safi ndio ugusane na rangi. Kikianguka chini, kitupe. Matone ya lami hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha osha hapo hapo kwa shampuu.

Sasa polishi. Nieleze kwa gari la shemeji yangu wa Kiamunyi, Toyota Fielder ya buluu iliyokoza, ambalo alilileta kwangu kiangazi cha Januari akiwa amekata tamaa.

"Shemeji, rangi imekufa," akaniambia. "Nimeambiwa nilipulize upya lote."

"Hebu tuione kwanza, shemeji."

Tuliliosha, tukaliingiza kivulini, nikawasha tochi ya simu na kuishika karibu na boneti. Kuzunguka mwanga kulionekana mikwaruzo myembamba ya duara, imesukana kama utando wa buibui. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilifanya gari lionekane limepauka, kwa sababu mwanga unatawanyika badala ya kurudi kwenye jicho kama ulivyokuja. Nikapitisha kucha juu ya mikwaruzo, haikukwama. Kucha isipokwama, mara nyingi mkwaruzo uko ndani ya klia tu na polishi itausaidia. Kucha ikikwama, mkwaruzo umezama, na kuufuata kwa polishi ni kumaliza klia bure. Nikabandika gundi ya karatasi, ule utepe wa mafundi rangi, katikati ya boneti ili tushughulikie nusu moja na aone tofauti mwenyewe.

Nilianza na polishi laini kuliko zote nilizokuwa nazo. Hii ni kanuni nisiyoivunja: anza na laini, na upande kwenye kali pale tu laini ikishindwa. Watu wengi huanza na kompaundi kwa sababu matokeo yanaonekana haraka. Niliweka matone matatu ya ukubwa wa punje ya harage kwenye sponji yenye unyevu kidogo, nikafanya eneo la kama sentimita 50 kwa 50, nikisugua kwa mistari iliyonyooka, kwanza kwenda mbele na nyuma, kisha kukata upande. Mkono uwe na nguvu ya wastani. Polishi huanza ikiwa nyeupe, halafu chembe zake zinasagika na inabaki kama mafuta mepesi. Hapo simama, pangusa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kile cha nyuzi laini sana, angalia tena kwa tochi. Kingo za boneti na ile mistari iliyoinuka kwenye bodi nilizifunika kwa gundi ya karatasi tangu mwanzo, maana hapo rangi huwa nyembamba zaidi na ndipo inapokatika kwanza.

Tulipobandua gundi ya katikati, shemeji hakusema kitu kwa muda. Upande mmoja buluu ilikuwa imerudi na kina chake, matawi ya mparachichi yalionekana ndani yake. Akataka na alama moja ya kinyesi cha ndege, iliyokuwa imezama karibu na waipa, iondoke pia. Nilikataa. Ilikuwa imefifia vya kutosha, na kuifuata hadi mwisho kungekula klia ya sehemu nzima kwa ajili ya doa dogo kama kifungo cha shati. Afadhali alama inayoonekana kwa tochi kuliko bati linalochubuka mwaka kesho.

Jambo la kuangalia kila dakika ni kitambaa chako. Kama gari lina klia, kitambaa hakitakiwi kutoka na rangi ya gari. Kikitoka na buluu au nyekundu, simama hapo hapo, klia imekwisha. Magari mengi ya zamani, kama zile Peugeot 504 ambazo wengine bado wanazitunza, hayakuwa na klia, na hayo kutoa rangi kidogo ni kawaida. Na kama klia tayari inachubuka kwa mabaka meupe juu ya paa, hakuna polishi wala waksi itakayoirudisha. Hiyo ni kazi ya spreya, fundi wa kupuliza rangi.

Kuhusu mashine, maoni yangu ni mafupi. Ile ya kuzunguka moja kwa moja, ambayo mafundi wengi hutumia, mkononi mwa asiyeizoea huunguza rangi ukingoni kabla hajagundua. Ukinunua, nunua ile inayozunguka huku ikiyumba. Bila hiyo, mkono na subira vinatosha kwa gari la nyumbani.

Waksi ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo ambayo watu huiharibu kwa kupaka nyingi. Ya asili hutokana na carnauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende unaomea kaskazini mashariki mwa Brazili. Nyingine ni za kutengenezwa viwandani na hukaa muda mrefu zaidi. Yoyote ile, paka utando mwembamba kiasi kwamba huuoni vizuri, sehemu kwa sehemu, kivulini. Subiri ipate ukungu. Pitisha kidole: ikibaki njia safi inayong'aa, iko tayari kupanguswa, ikijipaka, ngoja kidogo. Pangusa kwa kitambaa kimoja, malizia kwa kingine. Plastiki nyeusi za bampa na mipira ya madirisha iepuke, waksi ikikaukia pale huacha weupe unaokera.

Waksi ya carnauba kwa jua hili mimi huipa miezi miwili. Kipimo ni maji: yakijikusanya matone na kuteleza, bado ipo, yakitandaa kama shuka, paka tena. Nahakikisha imo kabla ya vumbi la Januari na kabla ya mvua za Machi. Tangu mwaka jana sijaligusa gari langu kwa polishi, sina sababu ya kuligusa.

Gari lililopulizwa rangi karibuni usilipake waksi mara moja, rangi bado inapumua. Muulize spreya, wengi hupendekeza kati ya siku 30 na 90 kulingana na rangi waliyotumia.

Vitambaa vya maikrofaiba vifue peke yake, mbali na taulo zinazotoa nyuzi, bila dawa ya kulainisha nguo, na vianike pasipo vumbi. Kikianguka chini hata mara moja, kihamishie kwenye rimu.