Kiuno cha fundi cherehani: yoga ipi inamfaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 43. Nashona kuanzia asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake, na huu ni mwaka wa tatu kiuno kinanisumbua. Hospitali walipiga picha wakasema mifupa ni mizima, nifanye mazoezi. Binti yangu ananionyesha yoga kwenye simu: mara hatha, mara ashtanga, mara vinyasa, mara yin. Zote ni yoga kweli? Nianze na ipi? Usiku nako silali vizuri, mawazo hayatulii.
Mama Cherehani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuanzia hospitali. Kiuno hicho nakijua, maana nilitunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi miaka 18, nimeinamia daftari kutwa. Nilipoamua kufanya yoga sikuuliza kama ulivyouliza wewe. Niliingia darasa la kwanza nililoliona, likawa la vinyasa: pumzi ikiingia unanyanyuka, ikitoka unainama, mkao mmoja unadaka mwingine, hakuna kutua. Mwalimu hakuniuliza ninaumwa wapi. Siku ya tatu bega la kulia likanasa, na kwa wiki mbili sikuweza hata kuanika nguo. Vinyasa yenyewe haina ubaya. Mwili ulio tayari inauchangamsha, inaupa nguvu za mikono na pumzi ndefu. Wangu haukuwa tayari.

Ndiyo, zote ni yoga, na kadhaa kati ya hizo zinakutana kwa mtu mmoja, Krishnamacharya, aliyefundisha Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois ndiye aliyeeneza ashtanga, yenye mikao ya mpangilio usiobadilika na jasho jingi. Hatha ni jina pana, ila darasa likiitwa hivyo mara nyingi mwendo ni wa polepole. Mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya alikuwa shemeji yake, B.K.S. Iyengar, aliyeandamwa utotoni na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Nadhani ndiyo maana aliuhurumia mwili usioweza. Alileta darasani viti, mikanda, mablanketi na vipande vya mbao, ili asiyefika chini aletewe chini iliko mikono yake.

Wewe anza na ya Iyengar, na kifaa unacho: meza ya kukatia nguo. Weka viganja juu yake, vikiachana upana wa mabega. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mikono inyooke, nyonga ziwe juu ya visigino, na mgongo ulale sawasawa kama meza yenyewe. Nyuma ya mapaja pakikaza, kunja magoti kidogo. Ukilazimisha, kiuno ndicho kitakachobeba. Sasa sukuma meza kwa viganja huku unarudisha makalio nyuma, kama watu wawili wanaonyoosha shuka kabla ya kuikunja. Vuta pumzi tano kwa pua, kisha isogelee meza ndipo uinuke. Fanya hivyo kila unapomaliza nguo moja, usingoje jioni.

Tena si mimi tu ninayesema. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani Marekani, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kuanza nazo kabla ya dawa kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Ila mguu ukifa ganzi au mkojo ukikushinda kuzuia, acha yote urudi hospitali haraka.

Kuhusu usingizi: yin inatuliza, mkao mmoja hukaa dakika 3 hadi 5, lakini kiuno kikiuma usijifundishe kwa simu. Lala chali karibu na ukuta, blanketi lililokunjwa likiwa chini ya makalio, miguu ipande ukutani. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Pumzi inayotoka taratibu hupunguza mbio za moyo, na mawazo nayo hulegea. Dakika 10 zinatosha.

SWALI: Ukumbi wa jirani unatangaza yoga ya joto. Itanipunguza tumbo? Nina presha.
Baba wa Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Iliyovuma zaidi kwa joto ni ya Bikram: mikao 26, dakika 90, chumba kikiwa na nyuzi 40 hivi. Uzito unaopungua mle ni maji, ukinywa unarudi. Kwa presha yako usiingie bila daktari kukuruhusu, na mikao ya kichwa chini miguu juu iache. Tafuta hatha ya polepole asubuhi, na utembee kwa miguu kila siku. Ukifika darasani, mwambie mwalimu una presha kabla hujatandika mkeka, hata kama hajauliza.