Mama mdogo, ule wali mwekundu ni kiporo

Shikamoo mama mdogo. Ulichoandika juzi kwenye grupu la familia nilikiona, na vicheko vya waliofuata nikaviona: "Mwenzetu Seoul anakula wali mwekundu na yai juu kama yuko hotelini, sisi Tanga tumebaki na dagaa." Picha niliiweka mwenyewe, basi wacha niieleze mwenyewe.

Ule wali wanauita kimchi bokkeumbap, wali uliokaangwa na kimchi. Kwa lugha ya kwetu ni kiporo. Ilikuwa tarehe 27, mfukoni nina nauli ya treni tu. Na picha niliikata pembeni, maana juu ya sahani zilikuwa zinaning'inia soksi nilizoanika.

Ninakaa goshiwon. Ni vyumba vilivyoanza kwa ajili ya wanafunzi wa kujifungia kusomea mitihani ya serikali. Siku hizi tumo wageni, vibarua na wazee wanaoishi peke yao. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kodi yangu won 380,000 kwa mwezi, won ndiyo pesa ya huku Korea. Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa won 10,030 kwa saa, kwa hiyo piga hesabu: kwa kima hicho, saa 38 za kuosha vyombo zinaishia kwenye kitanda. Tena mwanafunzi hafanyi kazi bila kibali, na saa zenyewe za kupimiwa. Kinachotuokoa ni jiko la pamoja. Kuna sufuria kubwa la umeme la wali na ndoo ya kimchi, na vyote ni bure.

Kimchi ichukulie kama achari. Kabichi ya Kichina inalazwa kwenye chumvi, inapakwa pilipili nyekundu, vitunguu saumu, tangawizi na kamba wadogo waliochachushwa, kisha inaachwa ichache. Wiki ya kwanza harufu ilinitoa jikoni mbio. Halafu nikakumbuka ng'onda wa bibi, nikanyamaza.

Mara ya kwanza nilikaanga wali wa moto na kimchi mpya, nikapata mashendea yasiyo na ladha. Aliyenifunza ni mpishi wa mgahawa ninapoosha vyombo. Tunamwita imo, yaani dada wa mama. Ndivyo wanavyowaita akina mama wa migahawani. Kwa hiyo nina mama mdogo mwingine huku, usione wivu. Alinicheka, akaniambia kimchi mpya ni ya kula hivyo hivyo. Ya kukaanga ni ile iliyochacha mpaka ukiionja unafumba jicho moja. Na wali ulale kwenye friji. Mchele wa huku ni mfupi na unanata, ukiukaanga wa moto unagandana, ukiwa baridi punje zinaachana.

Kimchi unaikata kwa mkasi humo humo bakulini, ubao wa nini? Unaikaanga kwa moto mkali na majani ya vitunguu mpaka kingo zianze kuungua kidogo na ule ukali utulie. Ikiwa imechacha kupita kiasi, tupia sukari kijiko cha chai. Ndipo unatia wali, unauponda kwa mgongo wa mwiko, unanyunyizia yale maji mekundu ya kimchi vijiko viwili, si zaidi. Wengi huku wanatia nyama ya kopo ya nguruwe, iliyoingia na askari wa Marekani wakati wa Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Mimi natia jodari wa kopo, mwambie bibi atulie. Ukishachanganya, ulaze wali kikaangoni dakika mbili bila kuugusa upate ukoko. Hawa watu wanapenda ukoko kama sisi, wana na jina lake, nurungji. Zima moto, dondoshea mafuta ya ufuta, weka yai la kukaanga juu, kiini kiwe bado laini.

Ni mtamu? Mtamu kweli, sitakudanganya. Ila siku ile ilikuwa ya nne mfululizo.

Sisemi haya nionewe huruma. Shule inaenda, afya ninayo. Nasema kwa sababu nimesikia mdogo wangu anataka kukopa nauli anifuate, na anayewaonyesha wakopeshaji ni picha ile. Mama mdogo, mzuie. Akitaka kuja, aombe ufadhili kama nilivyoomba mimi, na hata huo unalipa ada tu. Nilikuwa nimewaambia unalipa kila kitu. Niliona aibu.

Pesa ya dawa za bibi nitatuma tarehe 10, nikilipwa. Sasa nakata, maana hapa jikoni wamebandika karatasi: anayemaliza wali ndiye anayepika mwingine. Leo nimemaliza mimi, na kuna mzee amesimama mlangoni na bakuli lake.