Karte inasema Muamba, pasipoti Mwamba

Ndugu, notari (afisa anayethibitisha mikataba) kukataa kupitisha ununuzi wako wa parseli, yaani kiwanja, cha Katuba, Lubumbashi, si ukaidi. Karte yako ya mpiga kura inasema Muamba, pasipoti yako Mwamba. Kwake hao ni watu wawili. Kabla hujatoa hata faranga kwenye ofisi ya komini kutafuta karatasi, muulize notari ni ipi atakayoikubali kuonyesha kwamba majina yote mawili ni yako. Usiache herufi hiyo ipite: ikiingia kwenye sertifika ya usajili wa parseli, ambayo ndiyo hasa inayokupa haki, utasumbuka siku ya kuuza, au watoto watasumbuka kurithi.

Na muuzaji naye akaguliwe! Alete karte yenyewe, si picha ya WhatsApp, na jina lake lifanane na la kwenye sertifika. Likiwa la marehemu baba yake, usisaini mpaka uone karatasi za urithi.