Mama anarudisha sahani ilivyokuja

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 81, anaishi kwenye makao ya wazee. Miezi minne iliyopita alikuwa na kilo 58. Juzi nimeomba apimwe, ana 53. Kwa kuwa ana kisukari, chakula chake hakitiwi sukari wala chumvi. Tena tangu siku moja alipopaliwa, wanamsagia kila kitu pamoja, uji wa rangi ya udongo. Nikilalamika naambiwa wazee ndivyo walivyo, hamu huisha. Je, niwe nampelekea chakula cha nyumbani kimya kimya?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kimya kimya, hapana. Sababu nitakupa, ila kwanza hizo kilo.

Kilo 5 kati ya 58 ni karibu asilimia 9. Mzee ambaye hakukusudia kupungua, akipoteza asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 3 hadi 6, tayari ni wa kushughulikiwa. Ni kweli uzee hupunguza hamu, ladha hufifia na kiu haimjii mtu kama zamani. Basi hiyo ndiyo sababu ya mpishi kujitahidi zaidi!

Nayasema haya nikijua jiko lenyewe. Kabla ya safu hii nilipika kwenye makao ya wazee miaka kumi na miwili, na huo uji wa rangi ya udongo nimeupika mimi. Nyama, viazi na karoti, vyote mashine moja, nachota kwa upawa. Siku moja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniita mezani akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani, hiki nilichokula ni nini?" Nilikosa jibu. Kuanzia siku ile nilisaga kila kitu peke yake na kukipakua peke yake, na kazi haikuongezeka hata dakika kumi.

Halafu, nani aliyempima mama yako kumeza? Kupaliwa mara moja si hukumu ya maisha. Upo mfumo wa kimataifa wa kupanga ulaini wa chakula na uzito wa vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, uitwao IDDSI, wenye ngazi 0 hadi 7: ngazi ya 4 ni chakula kilichosagwa laini, ya 5 ni vipande vya milimita 4 vilivyolowa vizuri, ya 6 ni vipande laini visivyozidi sentimita 1.5. Huenda anaimudu ya 5 au ya 6, na huenda tatizo ni meno bandia tu. Mtu akikonda, meno nayo hulegea. Omba apimwe na mtaalamu wa kumeza.

Kuhusu kisukari, masharti makali kwa mzee anayekonda mara nyingi humkondesha zaidi, ndiyo maana miongozo ya lishe ya wazee hushauri yaepukwe. Kinachonitisha mimi ni dawa. Ikiwa kipimo chake kiliwekwa alipokuwa akila vizuri, na sasa sahani inarudi imejaa, sukari inaweza kushuka ghafla. Ukimkuta anatoka jasho, anatetemeka au amechanganyikiwa, ita muuguzi papo hapo. Daktari hawezi kurekebisha dawa asipojua kinachoingia tumboni, na chakula chako cha siri kinaweza kumpalia wakati wahudumu hawana habari. Peleka, lakini kwa kusema, na kiwe cha ngazi yake.

Hesabu protini pia. Wazee huhitaji angalau gramu 1 kwa kila kilo ya mwili, yaani mama yako gramu 53 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8. Maziwa ya unga na yai vinaweza kuingia ndani ya mchuzi bila sahani kuwa kubwa. Angalia na saa: akila jioni saa kumi na moja na asubuhi saa mbili, amekaa saa kumi na tano bila kitu. Kitu kidogo kabla ya kulala kinaruhusiwa?

Nenda wakati wa chakula, ukae naye, uandike kilichobaki kwenye sahani kwa siku kadhaa. Kisha omba kikao na muuguzi mkuu, na usikubali kianze bila mpishi. Miaka yote ile, mimi kutoka wodini nililetewa idadi ya sahani tu.