Re: Nianzie wapi kusoma michoro ya saketi?

Mkuu, umesema una mchoro wa sabufa na kila ukiuangalia unaona mistari tu. Uweke kando kwanza, ni mkubwa mno kwa kuanzia.

Mimi hapa Arusha nilianza na adapta mbovu ya 12 V kutoka kwa fundi redio pale Kilombero, ile ya zamani, nzito, yenye transfoma. Nikaifungua nikachora mwenyewe kila kilichomo, nikifuata njia za shaba kwa macho na mita. Umeme wa 230 V unaingia kwenye transfoma, unatoka 12 V ya AC (umeme unaogeuza mwelekeo kila mara), dayodi nne zinaulazimisha uende upande mmoja, kapasita inalainisha mawimbi. Basi.

Sasa pima kwenye kapasita. Utakuta kama 16 V, si 12! Nilidhani mita yangu imekufa, wiki nzima nahangaika. Kumbe kilele cha wimbi la 12 V ya AC ni karibu 17 V (zidisha kwa 1.414), kisha umeme unapita dayodi mbili kati ya zile nne kwa wakati mmoja, nazo zinakula kama 1.4 V. Bila mzigo (kifaa kinachotumia umeme huo) inaweza hata kuzidi hapo.

Kwenye mchoro, alama zote za graundi (sehemu ya 0 V) zinazofanana zihesabu kama waya mmoja. Mistari inayokatizana bila nukta haijaungana.

Chaja za simu usizifungue kwa sasa. Kapasita iliyo ndani inaweza kubaki na 300 V hata ukishachomoa, na inapiga kweli. Ukipata hiyo adapta, piga picha ya bodi uiweke hapa tuichore pamoja.